Swali la Tisa

"Nani amechapa mtihani huu?"

Sauti ilitokea mlangoni, nayo ilikuwa sauti iliyozoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Duka la steshenari lilikuwa limejaa pomoni asubuhi ile. Bwana harusi mtarajiwa alikuwa akibishania rangi ya kadi, mama mmoja amekuja kutoa fotokopi za vyeti, na vijana wa kuomba kazi wamesimama wamekumbatia bahasha zao. Wote wakageuka. Aliyeuliza alikuwa dada mrefu, mwembamba, amevaa gauni la kijani la mikono mirefu na viatu bapa, na upindo wa mkono wa kulia ulikuwa na vumbi jeupe ambalo mwenyewe hakuwa na habari nalo. Mkononi alishika karatasi, anaipunga.

Nyuma ya kompyuta, kijana mmoja aliinua mkono taratibu kama mtuhumiwa. Huyo ndiye Fonti. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limeshasahaulika. Shangazi yake, mwenye duka, ndiye aliyembandika hilo la Fonti, kwa kuwa kijana hakuweza kupita mbele ya bango lolote bila kusimama kulaumu aina ya herufi zilizotumika.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

"Chaki," akasema Fonti, akimwonyesha mkono wa gauni kwa kidevu.

Dada akajipangusa haraka haraka, na kule kuonekana na chaki kukamzidishia hasira. Akaibwaga karatasi mezani. "Hebu nisomee hapa."

"Ekisi tano mara ekisi mbili."

"Na mimi niliandika hivyo?" Akachomoa kwenye mkoba karatasi yake ya mkono, akaiweka kando ya ile.

Fonti alizitazama zote mbili kwa makini. "Ni hivyo hivyo, Mwalimu. Ila vinamba vyako vilikuwa vimepanda juu kidogo. Nikasema huyu aliandika kwa haraka. Nikavishusha, nikavinyoosha."

"Ukavinyoosha."

"Vikakaa kwenye mstari. Si unaona vilivyopendeza?"

Bwana harusi aliangua kicheko, na wenye bahasha wakafuata. Mwalimu alijitahidi kubaki amekunja uso. Alijitahidi kweli. Lakini alipomwona kijana anavitazama vinamba vyake kwa fahari ya fundi aliyenyoosha ukuta, kicheko kikamtoka naye, akacheka mpaka akashika meza.

"Ndugu yangu, hivyo ni vipeo! Vinakaa juu kwa sababu kazi yao iko juu. Ukivishusha tu, umeliua swali."

"Mpe kiti Mwalimu," Shangazi aliamuru toka kwenye mashine ya fotokopi. "Umchapie upya, bure. Na safari hii akae karibu akuone."

Shangazi huyo alikuwa na jicho kali, si kwa karatasi peke yake. Alishaona namna mpwa wake alivyosahau kufunga mdomo.

*

Tangu siku hiyo Mwalimu hakupeleka kazi yake duka jingine. Alikuja baada ya vipindi, akavuta kiti, akakaa pembeni ya Fonti huku akitazama kila kipeo kinavyopandishwa mahali pake. Alinukia sabuni. Fonti aligundua kwamba anachapa polepole kuliko kawaida yake, naye ndiye aliyesifiwa mtaa mzima kwa vidole vyepesi.

"Mbona hapa unajumlisha wakati alama ni ya kuzidisha?" aliuliza siku moja, kidole kikiwa kwenye kioo.

"Hukusoma hesabu?"

"Hesabu na mimi tuliachana sekondari. Yenyewe ndiyo iliyoniacha."

Alilisema kwa utani, lakini Mwalimu alisikia kilichokuwa chini ya utani. Akasogeza kiti. "Andika a kipeo cha tatu kwa kirefu. Kipeo kinakwambia hiyo a inajizidisha mara ngapi."

Fonti akabonyeza: aaa.

"Ruka nafasi, sasa andika a kipeo cha nne."

Akabonyeza: aaaa.

"Kuzidisha ni kuziweka pamoja. Ondoa hiyo nafasi ya katikati. Hesabu."

Kidole kikagusa kitufe, herufi zikaungana. Fonti akahesabu kimoyomoyo, kisha akahesabu tena kwa sauti. "Saba. Kumbe saba! Mimi miaka yote nilikuwa nasema kumi na mbili. Nilizidisha tatu kwa nne."

"Nusu ya darasa langu husema kumi na mbili."

"Hakuna aliyewahi kuniambia nizihesabu tu."

Aligeuka kumtazama, uso umemkunjuka kama wa mtoto, na Mwalimu, aliyekuwa amefundisha kanuni ile mara nyingi mpaka imemchosha, alihisi kitu kimemgusa kifuani. Alijifanya anatafuta kalamu kwenye mkoba, na kalamu yenyewe ilikuwa sikioni.

Mapenzi yao yakaanzia hapo, na yalikuwa mapenzi ya watu wa kuulizana maswali. Jioni simu ingelia, Fonti angeipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Umefika salama, mpenzi?"

"Nimefika. Jibu kwanza: b kipeo cha tisa gawanya kwa b kipeo cha nne."

"Yaani hata salamu hakuna?"

"Jibu ndiyo salamu."

"Nazifuta nne juu, nazifuta nne chini, zinabaki tano. b kipeo cha tano. Na nimekukumbuka."

"Hilo la pili halikuwa kwenye swali."

"Lina alama ngapi?"

Sauti ikashuka: "Zote."

Siku za mapumziko walitembea kwenye bustani ya manispaa, yeye Fonti katika shati la mistari alilolipiga pasi mpaka kola ikasimama, Mwalimu katika sketi ndefu ya rangi ya zambarau, wakimenya karanga. Siku ya kipeo sifuri waligombana kabisa.

"Moja? Haiwezi kuwa moja. Sifuri ni sifuri."

"Haya. Kitu chochote, ukiacha sifuri yenyewe, ukikigawanya kwa chenyewe unapata nini?"

"Moja."

"Basi b kipeo cha nne, gawanya kwa b kipeo cha nne."

"Moja hiyo."

"Na kwa kanuni yetu ya kutoa vipeo, nne toa nne?"

Fonti alisimama katikati ya njia, karanga mkononi. "Sifuri. Kwa hiyo mtu anaweza kubebeshwa sifuri kichwani, na bado akabaki mmoja mzima."

"Mimi sijasema hivyo."

"Mimi ndiye ninayesema. Nilibeba sifuri nyingi shuleni."

Mwalimu aliushika mkono wake, na maganda ya karanga yakamwagika njiani. Hawakuyaokota.

Jambo moja tu lilikuwa limesimama kati yao na nyumbani kwa kina Mwalimu. Mwalimu alikuwa na mkataba wa muda, ule unaohuishwa kila mwaka kwa mashaka, na mama yake, aliyemlea peke yake, alikuwa na msimamo wake: binti asimame kwanza kwa miguu yake, ndipo alete mtu. "Mkuu wa shule amenipa mtihani wa muhula niutunge mimi, wa mikondo yote," Mwalimu alimwambia Fonti. "Ukienda vizuri, bodi inanipa ajira ya kudumu. Siku hiyo hiyo nakupeleka kwa Mama."

Fonti aliyahifadhi maneno hayo. Zaidi ya hayo alihifadhi hofu ambayo hakumwambia mtu: kwamba siku moja Mwalimu ataamka, amtazame vizuri, aone ni mpiga chapa tu asiye na cheti cha hesabu, na mchezo uishe.

*

Siku ya kuchapa mtihani, Mwalimu alikuja anahema. "Kuna kikao cha ghafla. Siwezi kukaa. Kurasa ni hizi, kesho asubuhi wanafanya. Nakuamini, mpenzi. Chapa tu, toa nakala, nitazipitia njiani kuzichukua."

Fonti alifunga vidole, akavifungua, akaanza. Vipeo vikapanda juu kimoja kimoja, safi. Alifika chini ya ukurasa wa kwanza, swali la tisa. *Mwanafunzi mmoja alirahisisha kama ifuatavyo*, iliandikwa, na chini yake:

a³ × a⁴ = a¹²

Akasoma tena. Kumi na mbili! Maskini mpenzi wake, vikao na usingizi mdogo vimemchosha mpaka ameteleza pale pale anapoteleza kila mtu. Na mtihani huu ndio unaokwenda mbele ya Mkuu! Fonti alitazama kulia na kushoto, kama mtu anayemfunga mwenzake kifungo kilichofunguka mbele za watu, akafuta ile kumi na mbili, akaweka saba. Hakumpigia simu. Kwa nini amwaibishe katikati ya kikao? Angemwambia Jumapili bustanini, polepole, kama zawadi.

"Fonti! Mashine imekwama!" Shangazi akapiga kelele.

Akaenda akachomoa karatasi zilizokwama, akamhudumia mteja wa kadi, akamhudumia na wa vyeti. Aliporudi kwenye kiti alifungua ukurasa wa pili, na vidole vikashika kazi huku akili ikiwa bado inajipongeza. Mstari wa juu kabisa ulisema: *Onyesha kosa la mwanafunzi huyu, kisha uandike jibu sahihi.* Vidole viliuchapa bila kukosea hata herufi moja. Kichwa hakikuwepo.

Mwalimu alipita jioni kwa mbio, akabeba bahasha, akampulizia busu mlangoni mbele ya Shangazi, akatoweka. Hakusoma.

*

Simu ililia kesho yake adhuhuri.

"Swali la tisa," sauti ilisema. "Nani alibadilisha?"

"Mimi!" Fonti akaruka kwenye kiti. "Umeona, eh? Nilitaka nikwambie Jumapili. Nimekuokoa, mpenzi."

Fonti akasubiri ashukuriwe.

"Umeniokoa. Swali linasema tafuta kosa. Nililiweka hilo kosa kwa makusudi, ili watafute. Umelitoa. Mikondo yote imekaa inatafuta kosa ambalo halipo. Wengine wamefuta jibu sahihi wakaweka upuuzi, wengine wamelia, hawakugusa maswali mengine. Mkuu ameniita mbele ya walimu wote."

"Mungu wangu. Mimi niliona kumi na mbili, nikafikiri..."

"Kazi yako ni kuchapa!" Ilikuwa ile sauti yake ya kufika mpaka dawati la nyuma. "Nani alikuomba ufikiri?"

Simu ikakatwa.

Fonti alibaki ameishika sikioni. Basi ndiyo hiyo, siku aliyokuwa akiiogopa, na imekuja na maneno yale yale aliyoyawazia. Hakupiga tena. Hata Mwalimu hakupiga. Jumapili ikapita, bustani ikakosa watu wake wawili. Fonti alichapa kadi za harusi za watu, kila moja imejaa maua na majina mawili, akawa anazikunja bila kuzitazama. Alikuwa na hakika kwamba Mwalimu ameshamtaja kwa Mkuu: ni yule mpiga chapa, hajui kitu. Tena hakumlaumu.

"Umempigia?" Shangazi akamuuliza.

"Nimpigie nimwambie nini? Ameshasema."

"Mtu mwenye hasira husema. Mtu mwenye akili humsikiliza akishapoa."

"Akili ndiyo aliyoniambia sikuombwa, Shangazi."

Shangazi akarudi kwenye mashine yake.

Aliyeleta habari alikuwa mwalimu wa jiografia wa shule ile ile, aliyekuja kutoa nakala za ramani. "Mwenzetu wa hesabu ana bahati mbaya," alisema akisubiri. "Leo bodi inakaa kumjadili. Na kila akiulizwa anasema ni yeye mwenyewe aliyeandika vibaya. Sisi tulimwambia, sema ni duka. Akakataa katakata. Anasema karatasi ilitoka mkononi mwake hivyo hivyo."

Fonti aliacha kubonyeza. "Hakusema ni duka?"

"Hata kidogo."

Ramani zilikuwa bado zinatoka kwenye mashine Fonti alipochomoa kwenye faili la kazi ule ukurasa wa swali la tisa ulioandikwa kwa mkono wa Mwalimu. Akafungua kifungo cha juu, akakifunga tena, akamtazama shangazi yake.

"Nenda," Shangazi akasema. "Ramani naziweza."

*

Mkuu wa shule alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na ofisi yake ilikuwa na kiti kimoja cha wageni ambacho Fonti hakuthubutu kukikalia. Aliiweka karatasi mezani.

"Swali la tisa, Mkuu. Mwalimu aliliandika sawasawa, tazama mwenyewe. Mimi ndiye niliyeharibu."

Mkuu aliisoma, akainua macho. "Siku zote hizi mwalimu wangu ananiambia kakosea yeye. Leo wewe unaniambia umekosea wewe. Nani ananidanganya?"

"Yeye, Mkuu. Lakini kwa nia njema."

Mdomo wa Mkuu ulicheza kidogo. "Na wewe ulibadilisha kwa nini? Vidole viliteleza?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, tena mpana. Angesema ndiyo, vidole, na yangekwisha.

"Hapana. Nilibadilisha kwa kusudi. Mimi sikuwahi kujua hesabu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba pale ni saba. Nilipoona kumi na mbili niliona kosa langu mwenyewe la miaka yote, na kwa mara ya kwanza nililijua. Nilifurahi kupita kiasi. Sikusoma ukurasa wa pili."

Mkuu alivua miwani, akaiacha ining'inie kifuani. Kisha akafungua mlango, akaagiza Mwalimu aitwe.

Mwalimu aliingia katika gauni lile la kijani, macho mekundu. Alipomwona Fonti alisimama ghafla. Kisha akaiona karatasi mezani, akaelewa.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kusema."

"Amesema," Mkuu akadakia. "Nami nitasema yangu kwa kifupi. Swali la tisa linafutwa, alama zake zinagawanywa kwa maswali mengine. Bodi imeshakaa asubuhi, Mwalimu, na ajira ya kudumu wameiahirisha mpaka muhula ujao. Hilo siwezi kulirudisha nyuma, maana uliukabidhi mtihani bila kuusoma na hilo ni kweli. Lakini mitihani utaendelea kuitunga wewe. Na huyu," akamtazama Fonti juu mpaka chini, "aendelee kuichapa. Ila asome mpaka mwisho. Haya, nendeni, mna la kuzungumza na mimi nina kazi."

Walitoka wakasimama kwenye ukumbi mrefu wa madarasa. Milango ilikuwa imefungwa, vipindi vikiendelea, na toka chumba cha jirani ilisikika sauti ya darasa zima likikariri kitu.

"Kwa nini hukunitaja?" Fonti akauliza.

"Ningekutajaje? Ni mimi niliyekuachia kazi nikakimbia. Ni mimi niliyebeba bahasha nisifungue."

"Na mbona hukupiga simu?"

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Aibu. Nilipokata tu, nikasikia nilichosema. Nilikuwa nachukua simu, naiweka. Nachukua, naiweka."

"Neno lile liliniuma," Fonti alisema. Alikuwa amejiandaa kusema kwamba halikumuuma. "Kwa sababu tangu siku ya kwanza ndilo nililokuwa nikiliogopa. Kwamba utaniona mchapaji tu."

"Nisikilize." Akamshika mikono yote miwili, pale pale ukumbini, mbele ya madirisha ya darasa. "Niliuliza nani alikuomba ufikiri. Ni mimi. Kila jioni nilikupigia simu nikakuomba ufikiri, na ukafikiri, na ukaweza. Halafu siku ulipofikiri peke yako kwa ajili yangu, nikakutukana. Nisamehe, mpenzi wangu."

Fonti alitikisa kichwa kukubali, akaona kwamba hata yeye machozi yako karibu, akatazama juu kwenye dari.

"Ajira umeikosa," alisema. "Kwa Mama basi tusubiri. Mimi nitasubiri, hata muhula huo, hata na mwingine."

Mwalimu alikuwa ameshatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Mama? Shikamoo, Mama. Ndiyo, matokeo yametoka. Sijapata." Alisikiliza, akipangusa shavu. "Hapana, silii. Mama, kuna jingine. Yule mtu niliyekwambia. Amekuja mwenyewe kwa Mkuu, hakuna aliyemwita, akasema ni yeye. Ndiyo, yuko hapa. Mama, najua ulivyosema. Lakini sitaki kusubiri tena."

Akasikiliza jibu, kisha akanyoosha mkono, akampa Fonti simu. "Anakutaka."

Fonti alisimama wima kama yuko mbele ya mtu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemharibia mwanangu mtihani?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Na Mkuu alikuwa hajui kama ni wewe?"

"Alikuwa hajui."

"Ungekaa kimya, nani angekukamata?"

"Hakuna, Mama."

Fonti alisikia mwanamke mzima akivuta pumzi na kuishusha. Mwalimu alikuwa amemshika mkono wa shati, amelibana lile shati kwa nguvu.

"Jumapili," ile sauti ikasema. "Usichelewe."